Kazi Mbili, Punguzo Moja: Kodi ya Mshahara Ilivyonifundisha Durban

Mwisho wa Machi 2024, mwezi wangu wa kwanza kazini hapa Durban, niliketi kitandani chumbani kwangu Umbilo nikaisoma hati ya mshahara mara tatu. Mkataba ulisema randi 22,000. Benki ziliingia randi 19,119.80. Nikasema moyoni, nimeibiwa.

Nina stashahada ya uuguzi ya nyumbani na shahada niliyoichukua ng'ambo, lakini hakuna darasa lililonifundisha kusoma karatasi ile. Kesho yake nikaenda kwa karani wa mishahara, mama wa Kizulu. "Sisi, kaa hapa," akaniambia, akachukua kalamu.

Makato yalikuwa mawili tu. La kwanza ni PAYE, kodi ya mapato ambayo mwajiri huikata na kuipeleka SARS, mamlaka ya mapato ya huku, kama TRA au KRA kwetu. Mshahara wangu kwa mwaka ni randi 264,000. Kwa viwango vya mwaka ule wa kodi, randi 237,100 za mwanzo zilitozwa asilimia 18, na zilizobaki asilimia 26. Jumla ni 49,672. Hapo unaondolewa punguzo la msingi la 17,235, inabaki 32,437. Gawanya kwa 12: randi 2,703.08 kila mwezi.

La pili ni UIF, mfuko wa bima ya ukosefu wa ajira. Hukatwa asilimia 1, lakini haihesabiwi zaidi ya mshahara wa 17,712, kwa hiyo kwangu ikawa 177.12. Mwajiri naye huongeza kiasi hicho hicho.

Nikaridhika. Laiti ningeuliza na swali la pili.

Kazi ya wikiendi

Mdogo wangu aliyeko Tanga alikuwa anaingia chuo, na ada nilikuwa nimeahidi mimi. Septemba nikapata zamu za usiku, Jumamosi na Jumapili, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Saa 24 kwa wiki, randi 7,000 kwa mwezi. Hati yao ilionyesha UIF randi 70, na kwenye PAYE, sifuri. Nilifurahi! Nikatuma nyumbani karibu yote, mwezi baada ya mwezi.

Mwaka wa kodi huku huanza 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari. Julai 2025 nilipojaza ritani kwa mtandao, nilikuwa na vyeti viwili vya IRP5, kimoja kwa kila mwajiri. Jibu likaja: nadaiwa randi 10,920.

Hakuna aliyekosea hesabu. Mwajiri wa pili aliona 84,000 kwa mwaka tu, na mwaka ule aliyepata chini ya 95,750 hakulipa kodi. Lakini kiwango hicho kinatokana na lile punguzo la 17,235, na punguzo ni moja kwa mtu, si moja kwa kila kazi. SARS hujumlisha. Zile 42,000 nilizopata kwa miezi sita zilikaa juu ya mshahara wangu mkubwa, zikatozwa asilimia 26.

Nilimpigia mama nikilia. Fedha zilishakuwa ada. "Mwanangu," akasema, "dawa ya deni kulipa. Mdogo wako atasubiri." Na kweli alisubiri muhula mzima. Niliomba SARS nilipe kwa awamu, wakakubali, pamoja na riba.

Ukianza kazi mpya

Ndugu msomaji, ukiwa na waajiri wawili, jumlisha mishahara yote mwenyewe uone unaangukia kiwango gani. Unaweza kumwandikia mwajiri mkuu akukate PAYE zaidi kila mwezi, inaruhusiwa.

Ukifanya zamu chini ya saa 22 kwa wiki, usishtuke ukikatwa asilimia 25 moja kwa moja. Ndiyo kanuni kwa kazi za namna hiyo. Kama umekatwa kupita kiasi, hurudishiwa ukijaza ritani, kwa hiyo wanafunzi wenye vibarua msiache kuijaza.

Ukikatwa pensheni, jua kwamba mchango huo, ndani ya kikomo cha sheria, hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Na kila ukiacha kazi, dai IRP5 yako, uhakikishe jina na namba yako ya kodi ni sahihi.

Mdogo wangu sasa yuko chuoni. Kazi ya wikiendi bado ninayo. Kila 7,000 zikiingia, 1,820 naziweka kwenye akaunti nyingine kabla sijafungua simu kutuma nyumbani. Hizo si zangu.