Kabla ya Kuombewa, Soma Tangazo: Maandalizi ya Usaili wa Mhudumu wa Afya



Kila mara Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma inapotangaza majina ya wanaoitwa kwenye usaili, vijana kadhaa husimama nje ya sakristia baada ya Misa ya kwanza wakisubiri kuombewa. Wengi wao wamemaliza kidato cha nne, wakasoma mafunzo ya afya ya mwaka mmoja, na sasa wameomba nafasi ya Mhudumu wa Afya. Miaka michache iliyopita alikuja binti wa mojawapo ya jumuiya zetu ndogo ndogo, akiwa na safari usiku uleule. Nilimwekea mikono, nikamwombea, nikamtakia heri. Sikumwuliza amesoma nini.

Aliporudi alinieleza kwa unyonge kwamba aliulizwa namna ya kuchanganya dawa ya klorini, naye akaandika kuwa hilo hutegemea maelekezo ya muuguzi. Nauli yake ilikuwa imetokana na karanga alizouza mama yake. Ni kwa sababu ya jibu lile, na ya ukimya wangu wa siku ile, kwamba naandika makala hii.

Usaili wa kuandika, ambao kwa kawaida huitwa usaili wa mchujo, hupunguza idadi ya waombaji kabla ya mahojiano ya ana kwa ana. Vijana wengi hujiandaa kwa kukariri majina ya mawaziri na tarehe za historia ya nchi. Mambo hayo yana nafasi yake, lakini kiini cha mtihani kimeandikwa katika tangazo la kazi lenyewe, kwenye sehemu ya majukumu, ambayo wengi huiruka wakikimbilia sifa za mwombaji na ngazi ya mshahara. Humo utakuta usafi wa vyombo, vifaa na mazingira ya kutolea huduma. Kuwasaidia wagonjwa wasiojiweza kuoga na kula. Kupeleka sampuli maabara. Kuwasindikiza wagonjwa kutoka idara moja hadi nyingine. Kila jukumu ni swali lililovaa nguo nyingine. Chukua daftari, andika kila jukumu juu ya ukurasa wake, kisha jiulize: kazi hii hufanywa kwa vifaa gani, kwa mpangilio gani, na nikikosea ataumia nani?

Tuchukue klorini iliyomwangusha binti yule. Dawa ya maji inayouzwa madukani huandikwa nguvu yake kwenye chupa, mara nyingi asilimia 3.5. Kutakasa mahali palipomwagika damu huhitaji mchanganyiko wa asilimia 0.5. Gawanya nguvu ya chupa kwa nguvu unayoitaka: 3.5 kwa 0.5 ni 7. Toa 1, unabaki na 6. Basi sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu sita za maji, ziwe vikombe au lita. Chupa ikiwa ya asilimia 5, hesabu inabadilika, na ndiyo maana anayekariri jibu badala ya njia hukwama namba zinapobadilishwa. Ukiweka maji mengi kupita kiasi, vijidudu havifi. Ukiweka dawa kupita kiasi, unaunguza mikono yako na kuharibu vifaa. Mtahini anayeuliza hesabu hii anataka kujua kama sakafu ya wodi ya wazazi itakuwa salama zamu yako itakapofika.

Ukurasa wa pili wa daftari uwe wa taka, kwa maana hapo ndipo watu huumia. Katika vituo vyetu vya afya taka hutenganishwa palepale zinapozalishwa: chombo chekundu kwa taka zenye maambukizi makubwa, cha njano kwa taka zenye maambukizi, cheusi au cha bluu kwa taka za kawaida kama karatasi na mabaki ya chakula. Sindano na vyote vyenye ncha kali huingia kwenye kisanduku maalumu cha usalama, ambacho hufungwa kikifikia robo tatu, wala hakisubiriwi kujaa. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake. Na ukichomwa? Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, toa taarifa mara moja ili upimwe na, ikibidi, uanzishiwe dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, ambazo hutakiwa kuanza haraka iwezekanavyo na kabla ya saa 72 kupita. Niliwahi kukaa na mhudumu mmoja aliyechomwa na sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa takataka za kawaida na mtu mwingine. Wiki zile za kusubiri vipimo zilikuwa ndefu kwake na kwa mumewe. Tangu hapo swali la rangi za ndoo sijaliona kuwa swali jepesi.

Mengine nayataja kwa ufupi. Ujue nyakati tano za kunawa mikono zilizopangwa na Shirika la Afya Duniani, na kwamba kunawa kwa maji na sabuni huchukua sekunde 40 hadi 60. Jifunze utunzaji wa siri za mgonjwa na maadili ya utumishi wa umma. Majina ya vifaa yajue kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kwa kuwa wodini husikika kwa lugha zote mbili. Mtihani ukifanyika kwa kompyuta, na wewe hujawahi kushika kipanya, omba mtu akufundishe mapema.

Hapa sina budi kusema neno juu ya karatasi za “maswali na majibu ya mwaka huu” zinazouzwa kwenye makundi ya simu. Nyingi ni utapeli. Na kama kweli ni mtihani ulioibwa, basi anayenunua anaomba kukabidhiwa mgonjwa ambaye hajajifunza kumtunza. Kosa hilo nitalisikiliza katika kitubio, lakini sitaliita ujanja wa mjini.

Wapo wanaoona aibu kuisomea kazi ya ndoo na fagio. Hao ningependa wamkumbuke Adrian Atiman. Alitekwa utotoni huko Afrika Magharibi, akauzwa utumwani, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika. Kardinali Lavigerie alitaka makatekista wenye ujuzi wa tiba, hivyo kijana huyu alipelekwa kusomea utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, baada ya safari ndefu ya msafara kutoka pwani, akawahudumia watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Hakuna aliyedhani kwamba kwa kuwa ni mwamini mwema, basi masomo yangemzidi uzito. Alisoma kwanza, ndipo akapewa wagonjwa.

Sasa nifike kwenye jambo linalotuhusu sisi wa ofisi za parokia. Wapo wanaozuiliwa mlangoni kabla ya kuona swali hata moja, kwa sababu majina hayafanani: cheti cha kuzaliwa kinasema Elizabeti, cha kidato cha nne kinasema Elizabeth, kitambulisho cha taifa kimeongeza jina la babu. Msaili hutaka vyeti halisi, na hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Tafadhali linganisheni majina yenu leo, herufi kwa herufi. Penye tofauti, nenda kwa mwanasheria ukapate hati ya kisheria ya mabadiliko ya jina. Asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kutumia cheti cha ubatizo kama mojawapo ya vielelezo anapoomba RITA, nasi tutakiandaa kwa moyo mkunjufu. Ila msije kuniomba nifute jina kwenye kitabu cha ubatizo ili lifanane na la shuleni. Kitabu kile kinashuhudia lililotendeka siku ile.

Gharama za nauli, chakula na malazi ni za msailiwa mwenyewe. Wakati mwingine usaili hufanyika hapahapa mkoani, wakati mwingine kijana wa Tabora huitwa Dodoma, akasafiri kuelekea mashariki kwa njia ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliipita na pembe mabegani, na ambayo reli iliifuata ilipofika Tabora mwaka 1912. Wapagazi wale hawakuondoka bila kukagua mizigo na posho. Jumuiya ijiulize mapema ni nani anaitwa na amepungukiwa nini. Mchango wa jumuiya unaotolewa kwenye msiba unaweza kutolewa pia kwa nauli. Tena wauguzi tunao katika jumuiya zetu, wanaofanya kazi Kitete, Ndala na kwenye zahanati. Saa mbili za Jumamosi alasiri mbele ya ndoo tatu za rangi zitamsaidia kijana kuliko kurasa hamsini za kukariri.

Binti yule aliitwa tena mwaka uliofuata. Alikuja sakristia na daftari lililochakaa pembe. Nikamwuliza, “Mwanangu, chupa ikiwa ya asilimia 5, maji sehemu ngapi?”

“Tisa, Padre.”

Nikamwekea mikono, akaondoka haraka kwenda kuwahi basi.