Ricardo na Ngano ya Njoro

Mwanafunzi wa uchumi anapoanza somo la biashara ya kimataifa, siku za kwanza huwa ni za divai ya Ureno na kitambaa cha Uingereza. Mwanauchumi David Ricardo aliutoa mfano huo katika kitabu chake cha mwaka 1817, na hadi leo haukwepeki, uwe unasomea Egerton, Kabarak au London. Ureno ingeweza kutengeneza bidhaa zote mbili kwa jasho dogo kuliko Uingereza, lakini bado ingepata zaidi kwa kushikilia divai na kumwachia mwenzake kitambaa. Hiyo ndiyo faida linganishi. Wanafunzi huinakili, huikokotoa, huijibia mtihani, kisha huisahau. Wengi hawaambiwi kwamba Ricardo mwenyewe hakuwa na ugomvi na mtu juu ya divai. Ugomvi wake mkubwa ulikuwa wa ngano.

Mwaka 1815, vita vya Napoleon vikiwa vinakwisha, Bunge la Uingereza lililojaa wenye mashamba lilipitisha sheria ya kuzuia nafaka ya nje isiingie mpaka bei ya ndani ifike juu. Ricardo aliandika mwaka huohuo kuipinga. Nafaka ikipanda bei, alisema, mfanyakazi hula mkate wa ghali, mwenye kiwanda hulazimika kumwongezea mshahara, na kinachobaki mwisho huishia kwa mwenye ardhi kwa njia ya kodi ya shamba. Sheria hizo za nafaka zilifutwa mwaka 1846, yeye akiwa kaburini miaka 23.

Nawaambia wanaosomea Njoro kwamba maabara ya somo hili iko nje ya lango lao. Chuo Kikuu cha Egerton chenyewe kilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi. Hapohapo Njoro kuna kituo cha utafiti wa ngano kilichoanza mwaka 1927, ambacho leo hupokea mbegu kutoka nchi nyingi zije kupimwa dhidi ya ugonjwa wa kutu ya shina. Ukishika njia ya kupanda Mau Narok utaona ngano na shayiri zimevaa vilima. Na kila msimu wa mavuno, kelele ni ileile ya mwaka 1815: ngano ya nje iingie au isiingie, na ikiingia itozwe ushuru kiasi gani?

Tupige hesabu ya mfano, kwa bei nilizozitunga ili zigawanyike vizuri. Tuseme gunia la kilo 90 la ngano ya nje linamfikia msagaji kwa shilingi 3,600 kabla ya ushuru. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ngano ni asilimia 35, kwa hiyo gunia linakuwa shilingi 4,860. Lakini kwa miaka mingi Kenya imekuwa ikiomba na kupewa ruhusa ya kutoza asilimia 10 badala yake, na hapo gunia linakuwa shilingi 3,960. Tofauti ni shilingi 900. Zinatoka kwa nani, na zinaenda kwa nani?

Kenya huagiza kutoka nje zaidi ya robo tatu ya ngano inayokula. Basi katika kila magunia 10 yanayosagwa, tuseme manane yameshuka melini na mawili yametoka mashamba ya hapa. Serikali ikitoza asilimia 35 kamili, bei ya soko zima hupanda, kwa sababu mkulima wa Njoro naye atauza kwa bei ya gunia la nje. Mla mkate, chapati na mandazi atatoa shilingi 900 za ziada mara kumi, yaani 9,000. Kati ya hizo mkulima atapata 1,800 na Hazina ya Kitaifa 7,200. Kwa hiyo mwanasiasa akipanda jukwaani kusema ushuru huo ni wa kumkinga mkulima, kumbuka kwamba katika kila shilingi tano anazotoa mlaji, ni moja tu inayomfikia huyo anayekingwa. Na hapo bado sijawahesabu watakaopunguza chapati kwa sababu ya bei, hasara ambayo vitabu huichora kama pembetatu na wanafunzi huipaka rangi bila kuitilia namba hata moja.

Sasa tazama njia ambayo Kenya imeifuata. Msagaji anaruhusiwa kuagiza kwa asilimia 10 kwa sharti kwamba anunue kwanza mavuno ya ndani kwa bei waliyokubaliana na wakulima. Tuseme bei hiyo ni ileile 4,860. Magunia mawili ya ndani yatagharimu 9,720, manane ya nje 31,680, jumla 41,400. Kwa wastani gunia linamgharimu msagaji 4,140. Mkulima amepata kilekile ambacho angekipata chini ya asilimia 35, lakini mlaji anabeba nyongeza ya shilingi 180 kwa gunia badala ya 900. Aliyepoteza ni Hazina. Kwa maoni yangu, kama lengo kweli ni mkulima, njia hii ni nafuu mara tano, na inashangaza kwamba vitabu vingi huitaja kwa aya moja tu, kana kwamba ni ujanja wa forodha usiostahili kufundishwa.

Ila kwenye karatasi kila mpango ni mzuri. Kielelezo cha darasani hudhani kwamba wanunuzi ni wengi na hakuna anayeweza kuvuta muda. Wasagaji ni wachache, na wana maghala. Mkulima ana mvua inayonyemelea, kombaini ya kukodi inayotaka kulipwa siku hiyohiyo, na mkopo wa mbolea unaozaa riba. Msagaji akichelewa wiki chache tu kufungua lango, broka anatokea na pesa taslimu na bei yake mwenyewe, na ile 4,860 inabaki kwenye kumbukumbu za kikao. Anayeweza kungoja ndiye anayepanga bei. Mwanafunzi aliyesoma nguvu ya soko katika somo moja na ushuru katika somo jingine, bila kuyakutanisha, hapa atapotea.

Tena kuna swali la Ricardo lenyewe: huyo mkulima ni nani? Ngano si mahindi. Hulimwa kwa mashine, na kombaini haiwezi kugeuka kwenye robo ekari. Wengi wanaoilima, hasa upande wa Narok, hukodi ardhi kwa msimu. Nadharia ya vipengele mahususi vya uzalishaji, ambayo wahadhiri huifundisha kwa mishale na mikunjo mpaka darasa lisinzie, inasema jambo moja rahisi: bei ya zao ikipanda, faida hukimbilia kwa mwenye kile kisichoweza kuhamishwa wala kuongezwa. Ardhi ndiyo hiyo. Msimu huu mkulima aliyekodi atacheka. Msimu ujao mwenye shamba, ambaye naye husikiliza habari za bei, atapandisha kodi ya ekari. Mtafiti kijana anayetaka kujua ushuru wa ngano unamfaidi nani asiishie kuwahoji wakulima. Aulize pia ekari ilikodishwa kwa kiasi gani mwaka baada ya mwaka.

Historia ya hapa inalo somo jingine ambalo nadra kulisikia darasani. Mlowezi Lord Delamere alihangaika na ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ikimlia mazao. Walowezi walipopata mbegu zilizostahimili, waligeukia tatizo la pili, yaani soko. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwawekea ushuru wa kuwakinga kwenye ngano, unga na bidhaa nyingine za mashamba. Lakini Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu mwaka 1917, na Tanganyika nayo ikaja kuungana nazo. Kwa hiyo mlaji wa Kampala alilazimika kununua unga wa Bonde la Ufa kwa bei ya juu, ilhali angeweza kupata wa nje kwa bei nafuu. Uganda na Tanganyika zilinung'unika, na zilikuwa na haki. Mwaka 1950 mwanauchumi Jacob Viner aliandika kwamba umoja wa forodha una sura mbili: unaweza kuzalisha biashara mpya, na unaweza kuichepusha kutoka kwa muuzaji nafuu hadi kwa muuzaji ghali aliye ndani ya uzio. Vitabu hutoa mifano ya Ulaya. Mfano wa Njoro ulikuwapo miaka ishirini na kitu kabla ya Viner kuandika.

Leo kibao kimegeuka kidogo. Ushuru wa pamoja kwa maziwa kutoka nje ya Jumuiya ni asilimia 60, lakini maziwa ya Uganda yanatakiwa kuingia bure. Mfugaji wa Nyandarua au Njoro hapendi, na mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Uganda yalinaswa Kenya, majirani wakarushiana maneno. Uzio waliouomba wafugaji wa Kenya unawakinga dhidi ya unga wa maziwa wa mbali, haukukusudiwa kuwakinga dhidi ya jirani.

Tushuke Naivasha kwenye mashamba ya maua, maana huko sera ya biashara iliuma kwa tarehe zinazojulikana. Tarehe 1 Oktoba 2014 maua ya Kenya yalianza kutozwa ushuru Ulaya, kati ya asilimia 5 na 8.5, kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki haikuwa imekamilisha Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Wenzetu wanne wa wakati huo, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi, hawakuguswa. Wao wamo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, na Ulaya huwafungulia mlango bila ushuru hata wasiposaini chochote. Kenya haimo. Na nani alilipa ushuru ule? Si mnunuzi wa mnada wa maua wa Aalsmeer, Uholanzi. Waridi la Ethiopia, nchi iliyo katika kundi hilohilo la upendeleo, lilikuwa hapo kando bila ushuru, kwa hiyo mkulima wa Naivasha hakuweza kuongeza hata senti kwenye bei yake. Mzigo ulirudi kandokando ya ziwa. Ushuru uliondolewa tarehe 25 Desemba 2014, baada ya mazungumzo kukamilika.

Kenya na Rwanda zilisaini Septemba 2016, Tanzania ikakataa. Nairobi palikuwa na lawama nyingi, lakini Tanzania ilipiga hesabu sawasawa: kwa kusaini ingepata kile ilichokuwa nacho tayari, na ingefungua soko lake kwa viwanda vya Ulaya. Kenya nayo ilipiga hesabu sawasawa. Mwishowe ilisaini mkataba wake peke yake tarehe 18 Desemba 2023, na mkataba ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2024. Kenya itafungua soko lake kwa awamu, kwa kipindi kinachofika miaka 25, huku baadhi ya bidhaa za kilimo zikiachwa nje. Nchi mbili ndani ya uzio mmoja zenye maslahi tofauti kwa soko la tatu: hilo ni swali la tasnifu nzuri ya uzamili, na halihitaji kwenda Geneva kulitafiti.

Neno kwa wanaotafuta mada ya utafiti. Karibu na mwisho wa Juni kila mwaka Jumuiya huchapisha Gazeti lenye orodha ya bidhaa ambazo kila nchi imeruhusiwa kutoza ushuru wake kuanzia Julai. Lisomeni. Ngano imeorodheshwa chini ya namba 1001, unga wa maziwa 0402, maua ya kukatwa 0603. Chagueni namba moja tu, mfuate shilingi yake kutoka bandarini hadi kwa mlaji na kurudi hadi shambani, kisha mje mtuambie imebaki kwa nani.