Somo la Leo: Ngazi za Matibabu

Fungua kitabu, fuata maneno kwa kidole.

Ukiugua, usikimbilie mjini. Hapa Tanzania matibabu yana ngazi. Ya kwanza ni zahanati. Ya pili ni kituo cha afya. Kisha hufuata hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya kanda. Juu kabisa ipo Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam.

Zahanati si ya mtu mmoja. Tabibu hupima na kuandika dawa. Muuguzi huchoma sindano na kufunga vidonda. Mkunga huzalisha. Mkubwa wao ni mganga mfawidhi. Tabibu uliyemzoea akiwa hayupo, usirudi nyumbani. Mwenzake atasoma cheti chako na kuendelea na tiba. Basi kitunze cheti hicho.

Ugonjwa ukiwashinda, watakupa barua ya rufaa. Isome kabla ya safari: unapelekwa wapi, na kwa nini?

Lakini mtoto akishikwa na degedege, au mjamzito akitokwa na damu, usingoje foleni. Waambie wauguzi mara moja.

Zoezi: Andika jina la zahanati iliyo karibu nawe, na saa inapofunguliwa.

Kwaheri, hadi somo lijalo.