Popo wa Pemba na kalenda ya miti

Popo wa Pemba ni mnyama wa kisiwa kimoja tu. Haishi porini mahali pengine popote duniani. Wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi. Aliyemweleza kwa mara ya kwanza ni Paul Matschie wa Berlin, mwaka 1909, naye akampa jina la Alfred Voeltzkow, Mjerumani aliyezunguka visiwa vya magharibi mwa Bahari ya Hindi akikusanya viumbe. Ni popo mkubwa. Akikunjua mbawa, toka ncha hadi ncha hufika kama mita 1.6, na uzito wake ni kama nusu kilo. Uso ni mweusi, masikio yamechongoka, na manyoya ya kichwani na kifuani yana rangi ya kutu. Popo wadogo wanaowinda wadudu hujua njia kwa mwangwi wa sauti zao. Huyu hutegemea macho makubwa na pua inayonusa tunda bivu kwa mbali. Mchana hulala akining'inia juu ya miti mirefu pamoja na wenzake mamia au maelfu, kwa kelele zisizokwisha. Magharibi ikiingia, huondoka kutafuta riziki.

Ndugu zake hawako bara. Jamii ya Pteropus imeenea kutoka visiwa vya Pasifiki na Australia hadi Asia ya kusini, kisha inapatikana Maldives, Seychelles, Mauritius, Rodrigues, Madagascar, Komoro, Mafia na Pemba, na hapo inakoma. Kutoka Pemba hadi pwani ya Tanga ni kama kilomita 50, safari ambayo popo mwenye mbawa za aina hiyo anaiweza kwa usiku mmoja, lakini hakuna Pteropus aliyefanya maskani katika bara la Afrika. Mkondo unaoitenga Pemba na bara una kina kinachozidi mita 800 mahali pengine. Katika enzi ya mwisho ya barafu, bahari iliposhuka zaidi ya mita 100, Unguja iliungana na bara na wanyama wa bara wakavuka kwa miguu, akiwamo chui. Pemba ilibaki kisiwa. Kwa sababu hiyo ina viumbe vyake yenyewe: bundi wake, njiwa wake, chozi wake mwenye kifua cha zambarau, mpapindi, ambao ni mnazi mwitu wa msitu wa Ngezi, na popo huyu.

Kazi ya popo katika msitu ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuchavusha. Msufi hupukutisha majani wakati wa ukavu, kisha hutoa maua meupe yanayofunguka giza likianza kuingia, yenye harufu nzito na asali nyingi, na asubuhi huwa yameanza kuanguka. Maua hayo hayakuumbwa kwa ajili ya nyuki wa mchana. Popo huingiza uso ndani, hutoka na chavua kwenye manyoya, na kuipeleka kwenye msufi mwingine, ambao huenda uko kilomita kadhaa mbali. Sehemu ya pili ni kutawanya mbegu. Popo hutafuna tunda, humeza maji yake na kutema makapi. Mbegu ndogo kama za kuyu humezwa na kupita tumboni kwa chini ya saa moja, na mara nyingi huangushwa hewani, juu ya konde au kichaka kilichokatwa ambako mti ule haukuwapo. Katika kisiwa ambacho msitu wa asili umebaki vipande vipande, na kipande kikubwa, Ngezi, hakizidi sana hekta 1,400, huduma hiyo haina mbadala wa karibu. Ndege wengi wanaokula matunda hawapendi kuvuka eneo la wazi. Popo huvuka kila usiku.

Malipo ya kazi hiyo ni chakula, na chakula hicho kina kalenda. Pemba ina misimu minne inayojulikana na kila mkulima: masika ya Machi hadi Mei, kipupwe cha Juni hadi Agosti wakati kusi linavuma na usiku unapoa, vuli ya Oktoba hadi Disemba, na kiangazi cha kaskazi. Mwembe unahitaji ubaridi na ukavu wa kipupwe ili utoe maua. Matunda yake hujaa kuanzia Novemba hadi Februari. Msufi unangoja ukavu. Mshelisheli una vipindi vyake. Popo hana ghala, wala halali usingizi wa msimu kama popo wa nchi za baridi, kwa hiyo kila usiku wa mwaka lazima kuwe na mti fulani, mahali fulani kisiwani, wenye ua lililofunguka au tunda lililoiva. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, humbeba kifuani wiki za mwanzo, na humnyonyesha kwa miezi kadhaa. Miezi hiyo ikiangukia kwenye njaa, mtoto hafiki.

Miti inayoziba mianya ya kalenda ni mikuyu na jamaa zake wengi. Kuyu si tunda la kawaida. Ni kifuko kilichofungwa, na maua yapo ndani. Nyigu mdogo sana wa kike huingia kwa tundu jembamba, mara nyingi akikatika mbawa njiani, hutaga mayai, huchavusha maua na kufia humo humo. Watoto wake wakikomaa, madume hutoboa njia ya kutokea, na majike huruka na chavua kutafuta mkuyu mwingine wenye vifuko vichanga. Aina nyingi za mikuyu zina nyigu wake maalumu, na nyigu huyo akiwa mkubwa huishi siku moja au mbili tu. Kwa hiyo, ili nyigu wasitoweke, mikuyu ya aina moja haiwezi kuzaa kwa pamoja. Mmoja huanza mwingine unapomaliza, mwaka mzima. Kwa popo, hilo maana yake ni chakula hata katika miezi ambayo mwembe na msufi haina kitu.

Mabadiliko ya tabianchi yanaugusa mpango huu mahali penye udhaifu wake. Uchunguzi uliofanywa Singapore na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba joto likipanda kwa nyuzi chache, nyigu wa mikuyu huishi muda mfupi zaidi, na muda wa kuufikia mti mwingine unapungua kwa kiasi hicho. Katika kisiwa cha Borneo, ukame mkali ulioletwa na El Niño mwaka 1998 uliifanya baadhi ya mikuyu isitoe vifuko kwa miezi, na nyigu wao wakatoweka katika eneo la Lambir. Miti haikufa. Ilisimama na majani yake, lakini haikuwa na wa kuichavusha mpaka nyigu waliporudi kutoka mbali. Borneo ni kisiwa kikubwa mno. Nyigu walikuwa na mahali pa kutoka. Pemba ina eneo lisilofika kilomita za mraba 1,000.

Mvua za Afrika Mashariki zenyewe zimebadilika. Tangu miaka ya 1980 mvua za masika kwa jumla zimepungua: zimekuwa zikichelewa kuanza na kuwahi kwisha. Vuli inafuata joto la bahari. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa mashariki, vuli hufurika, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Hali ikigeuka, mvua hukosa, na kati ya 2020 na 2022 eneo kubwa la Afrika Mashariki lilikosa msimu baada ya msimu. Kwa mwembe, athari inajulikana vizuri na wakulima wa matunda popote duniani. Kipupwe kikiwa na usiku wa joto, tawi linalopaswa kutoa maua hutoa majani. Mvua ikinyesha juu ya maua, ukungu huyashika yakawa meusi na kuanguka, na nzi na nyuki wanaoyachavusha mchana hawatoki. Mti unaotegemea ukavu ili ujue wakati wake, kama msufi, ukipata mvua isiyo ya msimu unaweza kuchanua mapema, kuchelewa, au kuchanua kidogo kidogo. Ua moja moja lililotawanyika juu ya wiki nyingi halimshibishi popo, na mti usiotembelewa na wengi kwa usiku mmoja hupata chavua haba.

Viumbe wa milimani, joto likipanda, huweza kupanda nalo, angalau kwa muda. Katika milima ya Usambara, ng'ambo ya mkondo, watafiti wamethibitisha kwamba ndege kadhaa wamehamia juu zaidi kuliko walivyokuwa miongo iliyopita. Hilo nalo lina mwisho wake, kwa sababu kilele kikifikiwa hakuna pa kwenda. Pemba haina hata hatua hiyo ya kwanza: sehemu yake ya juu kabisa haifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Popo wa bara mwenye rangi ya majani makavu, Eidolon helvum, hutatua tatizo la njaa kwa kuhama. Kila mwaka, Oktoba hadi Disemba, mamilioni yao hukusanyika Kasanka nchini Zambia kula matunda ya mwituni, kisha hutawanyika tena. Popo wa Pemba hubaki na kile kisiwa kinachompa.

Joto peke yake si tishio kubwa zaidi kwake. Australia, ambako jamaa zake hufa joto likipita nyuzi 42, zaidi ya popo 3,500 walianguka kwa siku moja ya Januari 2002 katika jimbo la New South Wales, na Novemba 2018 kiasi cha 23,000 walikufa Queensland. Pemba imezungukwa na bahari na haifiki joto hilo. Hatari yake ni njaa, na baada ya njaa, upepo.

Kisiwa kiko karibu na nyuzi 5 kusini ya Ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hausaidii sana tufani kujisokota, hivyo tufani ni adimu. Lakini hazikosekani. Ile ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja na kuiacha Pemba karibu salama. Matokeo yake yalimfikia popo kwa njia ya kuzunguka: Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu, mashamba yakapanuka, na msitu ukakatwa. Mei 2024 tufani Hidaya ilifika Mafia, maskani ya Pteropus mwingine wa pwani ya Tanzania. Samoa inaonyesha kinachoweza kutokea: tufani za 1990 na 1991 zilipukutisha maua na matunda yote, popo wenye njaa wakashuka vijijini hata mchana, na watu wakawaokota na kuwapiga. Huko Rodrigues popo walibaki chini ya 100 katika miaka ya 1970, baada ya misitu kukatwa na tufani kupita, hata mhifadhi wa wanyama Gerald Durrell akachukua wachache mwaka 1976 kuwafuga katika kisiwa cha Jersey. Tufani huua wachache. Njaa inayofuata, ikikutana na uwindaji, ndiyo huua wengi.

Pemba yenyewe ilikaribia kumpoteza popo wake bila tufani yoyote. Msitu ulikwisha, bunduki ziliongezeka, na mwaka 1989 watafiti waliomtafuta waliona wachache tu. Mwaka 1996 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili liliwaweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Kuanzia 1995 Fauna & Flora International na idara ya misitu ya Zanzibar walifanya kazi na wanavijiji, na vikundi vya kulinda miti ya popo vikaundwa, kikiwamo cha Kidike, kaskazini ya Chake Chake, ambako wageni hulipa kiingilio kuwaona. Mahali pengine popo hulala juu ya miti ya makaburini, ambayo desturi ilikwisha kuilinda. Hesabu za miaka ya 2000 ziliwapata zaidi ya 18,000, na mwaka 2008 wakashushwa hadi daraja la walio katika hatari ya wastani. Ni mafanikio makubwa, na yamepatikana kwa watu wa vijijini zaidi kuliko kwa sheria.

Idadi hiyo inahitaji kula, na miti ya mwituni ikikosa, popo huenda kwenye embe na shelisheli za watu. Mauritius ilipofika hapo, serikali iliamuru makumi ya maelfu ya popo wauawe mwaka 2015 na 2016, kwa kuwa wakulima wa maembe na matunda mengine walilalamika. Njia iliyo rahisi zaidi kwa Pemba ni kuongeza miti ya mianya: mikuyu ya aina mbalimbali, misufi na mivule, kwenye kingo za Ngezi, kandokando ya mito na katika mashamba ya mikarafuu iliyozeeka. Mchanganyiko una maana kuliko wingi, kwa sababu mvua inayoharibu maua ya mti mmoja huenda isiukute mwingine ukiwa na maua. Mkuyu hukua haraka, hauhitaji kazi nyingi, na ukiwa umekomaa huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka.