Deni la Onesimo

Barua ya Paulo kwa Filemoni ina mistari 25 tu, lakini mahubiri mengi huifupisha zaidi: mtumwa Onesimo alimkosea bwana wake, Paulo akamwombea msamaha, yakaisha. Ukiisoma polepole utaona hayakuisha hivyo. Paulo, aliye kifungoni, hasemi kwamba kosa halikuwepo. Anamwambia Filemoni kwamba kama alidhulumiwa au anadai chochote, deni liandikwe kwa jina lake yeye Paulo, naye anaahidi kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Ndani ya barua ya neema mna hati ya deni.

Wala si siri ya watu wawili. Barua inawasalimu pia Afia, Arkipo na kanisa lililokutana nyumbani kwa Filemoni. Karibu na mwisho Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kufikia. Anakusudia kuja, na akija atajionea kama Onesimo amepokewa kama ndugu. Kwamba hasemi waziwazi utumwa ukomeshwe, hilo hunihuzunisha kila ninapoisoma.

Huku Kiambu tuliwahi kuona deni likikiriwa hadharani namna hii. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulipotufikia, waliookoka walitubu hadharani, na wengi wakarudisha walivyoiba. Kisha ikaja Hali ya Hatari, Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipopambana na Mau Mau. Vita vilipokwisha, waliokula kiapo cha Mau Mau na waliokuwa homugadi, walinzi wa upande wa serikali, walibaki kuchota maji kisima kimoja, na viongozi wakawaambia wasahau. Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa, pauni milioni 19.9, mwaka 2013 tu. Fedha kidogo kwa mateso yale, lakini angalau deni lilitajwa. Kati ya jirani na jirani, mara nyingi halikutajwa kabisa.

Leo mashamba ya kahawa na mkonge ya Thika na Ruiru yanakatwa ploti, na ndugu wa tumbo moja wanashtakiana mahakamani. Hapo ndipo sura ya 6 ya Wakorintho wa Kwanza husomwa kwa upande mmoja. Ni kweli Paulo anawauliza waumini kwa nini wasikubali kudhulumiwa kuliko kushtakiana. Lakini hapo hapo anawakemea wanaowadhulumu ndugu zao, na anauliza kama hamna mwenye hekima kati yao wa kuamua. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 159, nayo inahimiza upatanisho na usuluhishi. Kwa hiyo mlango uko wazi kanisani na mahakamani pia.

Wazee wa kanisa, nawasihi: mnapomwita mjane ofisini kumwomba asamehe, mwiteni na shemeji aliyeuza ploti ya mjane huyo. Aje na hati ya mauzo, aseme mbele ya mashahidi atalipa nini na lini.