Uwanja nao ni chuo cha kijana

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Wazazi wengi huona fahari mtoto wao wa sekondari anapotoka shule kwenda masomo ya ziada, kisha madrasa, kisha nyumbani. Hilo ni jema. Lakini tunawaona vijana waliohifadhi juzuu kadhaa ambao wakiombwa kuadhini mbele ya watu, sauti huwakauka. Elimu wanayo, walichokikosa ni kujaribiwa.

Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwarudisha waliokuwa wadogo. Waandishi wa Sira wanasimulia kuwa Rafi' bin Khadij aliruhusiwa kwa uhodari wake wa kupiga mishale. Samura bin Jundub, aliyekataliwa, akaeleza kuwa yeye humwangusha Rafi' katika mieleka. Wakashindanishwa, Samura akashinda, naye akaruhusiwa. Kujiamini kwake hakukutokana na kusifiwa, bali alilijua analoliweza kwa kuwa alikwishalifanya. Abdullah bin Umar, mwenye miaka 14, alirudishwa siku hiyo, akakubaliwa katika vita vya Khandaq akiwa na miaka 15. Basi kijana hupimwa kwa uwezo wake, wala hasukumwi kabla ya wakati.

Wapo wanaohofu kuwa kujiamini kunapingana na kutawakali. Sivyo. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Allah. Kijana anayejifunza kuogelea, kupanda milima ya Uluguru au kupika kambini, huyo anamfunga ngamia wake. Huko ataitafuta kibla kwa jua, atatayamamu maji yakikosekana, na atawasalisha wenzake.

Na mabinti je? Abu Daud amepokea kuwa Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) safarini. Binti asinyimwe, apatiwe vazi la stara, walimu wa kike na mahali pa faragha.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kukataa safari ya shule, uliza: msimamizi ni nani? Kwenye maji yupo ajuaye kuokoa? Sala zimepangiwa wakati? Ukiridhika, mruhusu. Mchumia juani hulia kivulini.

Tunamuomba Allah awape vijana wetu nguvu ya mwili na ya imani. Amin.