Visikilizio Visivyo na Waya: Tuchague kwa Busara

Wahenga walisema kuwa sikio halilali na njaa. Katika nyumba yenye chumba kimoja au viwili, baba aliyetoka zamu ya usiku anataka usingizi, mama anataka taarifa ya habari, na mtoto anataka kusikiliza masomo kwa simu. Hapo visikilizio visivyo na waya huwa chombo cha kuleta amani nyumbani, wala si pambo la vijana tu.

Vingi vya bei nafuu hukaa juu ya sikio bila kulifunika lote. Miongoni mwa vilivyotolewa mwaka 2023 ni Sony WH-CH520 na JBL Tune 520BT. Je, mwenye fedha kidogo achague vipi?

Jambo la kwanza ni betri. Kwa hesabu ya watengenezaji, Sony hudumu saa 50 na JBL saa 57. Tofauti hiyo isimbabaishe mnunuzi. Anayesikiliza saa mbili kila siku atachaji Sony baada ya siku 25 hivi, na JBL baada ya siku 28.

Jambo la pili ni uzito na umbo. Sony vina gramu 147 na JBL gramu 157. Mkono hautambui tofauti hiyo. Lakini JBL hukunjika na kuingia kwa urahisi katika mkoba wa askari anayehamishwa mara kwa mara. Sony havikunjiki, ingawa vikombe vyake huzunguka na kulala bapa. Kwa anayebaki nyumbani, hilo si kasoro.

Jambo la tatu ni tundu la waya. Sony hivi havina tundu hilo, kwa hiyo havifai kwa redio ya zamani isiyo na Bluetooth. Mnunuzi akague jambo hili kabla ya kutoa fedha. Tena avivae dukani kwa robo saa, na mwenye miwani asiivue, kwani vinavyobana huumiza masikio.

Lililo kubwa kuliko yote ni afya. Aina zote mbili hazina mtambo wa kuzima kelele za nje, na kwa kuwa havizibi sikio lote, msikilizaji aliye penye kelele hushawishika kuongeza sauti. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika wiki bila hatari. Ikifika desibeli 90, muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio hazioti tena. Mtoto atakosa sauti ya mwalimu, na askari atakosa amri ya mkubwa wake.

Basi wazazi waweke sauti ya simu isizidi asilimia 60 ya kiwango chake cha juu, na wawafundishe watoto kupumzisha masikio. Aliye lindoni au anayevuka barabara asivivae kabisa.

Kwa ufupi, msafiri achukue vinavyokunjika, na wa nyumbani achukue visivyombana. Saa saba za betri zisimfanye mtu aongeze fedha. Visikilizio vikiharibika vitanunuliwa vingine. Masikio hayauzwi dukani.